Meno ya Baba na Zumari la Idi

Mie ndiye niliyemng'oa baba meno. Daktari alishika koleo tu. Aliyempandisha gari, akamkalisha kwenye kile kiti kinacholala, akamwambia "fungua mdomo, baba, hakuna kitu", ni mie. Nalisema mwanzo kabisa, asije mtu akanionea huruma kabla ya wakati wake.

Harusi ya binti yangu ilikuwa imebakia miezi mitatu. Baba alikuwa na meno manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, na hayo manne hayakuwa yakitazamana. Kila picha ya ukoo utayaona, yamesimama kila moja upande wake. Na mie ni mtu wa ofisini. Kutwa napanga mafaili ya watu kule Khuwair, huku Oman, na nikirudi nyumbani naendelea kuwapanga watu wenyewe. Ndivyo nilivyo, na walio karibu yangu wameshazoea.

"Baba," nikamwambia, "hayo manne yanakusaidia nini?"

"Yananijua," akasema.

"Daktari atakutilia meno kamili, mazuri, juu na chini. Utatafuna nyama. Utatafuna kashata. Utapendeza kwenye picha."

Baba akanitazama kidogo. Ni mtu mpole, hajapata kunikatalia jambo tangu nna miaka mitano. "Haya, mwanangu. Kama wewe ndio roho yako itatulia."

Roho yangu ikatulia. Meno yakang'olewa, fizi zikaachwa zipone, mapya yakaja, na kwenye harusi baba alikaa amenyooka mgongo, kilemba kimemkaa sawasawa, anameremeta. Watu wakaniambia mabruk, baba yako amekuwa kijana. Nikajiona nimefanya jambo kubwa. Zumari halikunipitia akilini hata siku moja, wallahi, na hapo ndipo ninapojishangaa mpaka leo, maana baba bila ya zumari ni nani?

Alijifundisha kulipiga Unguja, ujanani, kwenye ngoma za shamba. Alipokuja huku Oman miaka ya sabini akapata kazi ya ukarani, akavaa kanzu ya Kiomani na kofia yake, akajitia utulivu, akanyamaza. Kisha Idi moja akaenda Qurayyat, mji wa pwani, na marafiki. Anasema walikuwa wanatafuta samaki, wakasikia zumari linalia upande wa mitende, akawaacha wenzake na samaki wao akalifuata. Akakuta wanaume wamejipanga duara, wanazunguka taratibu, ngoma ziko katikati, na ile kubwa iliyosimama wima wanaiita msondo. Ilikuwa lewa, ngoma iliyovuka bahari kutoka kwetu. Na maneno waliyokuwa wakiyaimba yalikuwa Kiswahili.

Akamuuliza mmoja wao, hayo unayoimba maana yake nini? Yule mtu akamwambia hajui, babu yake alikuwa akiimba hivyo. Baba akasimama palepale machozi yanamtoka. Mwenyewe husema ni vumbi. Siku ileile mpigaji wao wa zumari, mzee sana, alipochoka, alimpa baba zumari mkononi bila ya kumuuliza jina, na tangu hapo baba akawa mtu wao. Kila Idi, siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, kwenye uwanja ulio kati ya mitende na bahari, yeye ndiye anayeifungua ngoma. Na lewa haifunguki bila ya zumari. Zumari hulia kwanza peke yake, likawaita watu, ndio msondo ukaitika. Kama zumari halijalia, wapigaji hukaa tu na ngoma zao mbele.

Hata lile tete la zumari, yaani kile kipande kinachoingia mdomoni na kutoa sauti, hulikata mwenyewe kwenye matete ya wadi, yaani bonde la mto, huko huko njia ya Qurayyat. Akiletewa la dukani hulirudisha. Husema halijanywa maji ya hapa.

Mama alikuwa hafurahi. Kwao walikuwa watu wa heshima zao, na zumari walilihesabu mambo ya watu wa ngoma. Miaka arubaini na kitu alikuwa akisema, "Mie nimeolewa na bomba la maji, halifungwi." Basi baba, ili asimuudhi, alikuwa akipanda nyuma ya nyumba. Nyumba yao iko Amerat, na ukuta wa nyuma ukishauvuka tu unaanza kupanda jabali tupu, mawe na jua. Kila siku alasiri baba alikuwa akipanda na zumari lake, anasimama kwenye jiwe moja pana, analipigia jabali la mbele, na jabali linamjibu. Majirani wakishalisikia wanajua muda wa chai umefika.

Ilikuwa katikati ya Ramadhani mama aliponipigia simu. Hakunisalimu vizuri.

"Baba yako hapandi tena jabalini."

"Saumu, mama. Amechoka."

"Miaka yote hiyo hakuwa akifunga? Njoo."

Nikenda Ijumaa. Baba yuko sebuleni, anasoma Kur-ani, meno yake mazuri yamepangika. Nikamsalimu, akaniitika kwa furaha. Nikamuuliza habari za zumari, akasema, "Umri, mwanangu. Kila kitu na muda wake." Akarudi kwenye msahafu wake. Nikaingia jikoni, mama anakunja sambusa, na bila ya kuniangalia akanambia yote.

Wiki ya kwanza baada ya kung'olewa, fizi bado zimevimba, baba alipanda jabalini kujaribu. Alirudi damu imemchuruzika mpaka kifuani, kanzu ikabidi iloweshwe siku mbili. Akalificha zumari. Kisha meno mapya yalipokuja akapata tamaa, akapanda tena. Sasa zumari halipulizwi kama filimbi. Mpigaji hulimeza lile tete lote mdomoni, akabana midomo juu ya kile kisahani kilicho chini ya tete, akajaza mashavu upepo, na wakati mashavu yanasukuma yeye anavuta pumzi kwa pua, ili sauti isikatike hata kidogo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Baba alipojaza mashavu, upepo ukaingia chini ya meno ya bandia, bamba la juu likanyanyuka, akakohoa, meno yakaruka yakaangukia mawe. Mama alikwenda kumtafuta, akamkuta amepiga magoti anapapasa.

"Akaniapisha nisikwambie," mama akasema. "Akasema, asije mtoto akajiona ana makosa."

Jamani! Nilikaa chini pale pale jikoni. Kama angenigombeza ningejitetea, mie hodari wa kujitetea. Lakini kuniapishia watu nisiumie, hilo lilinimaliza. Mama akaniachia nilie kidogo, kisha akanisukumia sinia. "Kunja sambusa. Idi iko wiki mbili mbele, na anataka kuwaambia watu wa Qurayyat watafute mwengine. Hawana mwengine. Wewe uliyemtia shimoni, mtoe."

Nikaanza kumtoa. Nikampigia simu daktari, akasema tutumie gundi ya meno, na mgonjwa asiyavue mchana kutwa mpaka fizi zizoee. Nikanunua gundi aina tatu. Nikamwambia baba, "Usiyavue, baba, hata dakika moja. Tena watu wasije wakakuona na mapengo." Baba akatii. Kila siku baada ya kufuturu nilikuwa natoka Khuwair nakwenda Amerat, tunamkalisha mezani na gilasi ya maji na mrija, maana hivyo ndivyo alivyojifundisha zamani: unapuliza mrija ndani ya maji, mapovu yasikatike, huku unavuta pumzi kwa pua. Zamani alikuwa akipuliza mapovu mpaka chai inapoa. Sasa mapovu yanakwenda, yanakwenda, kisha tunasikia kitu kimelia mdomoni, *tak*, na mapovu yamekwisha. Tunabadilisha gundi. *Tak*. Mama anageuza uso.

"Kesho," baba alikuwa akisema.

"Kesho, baba," nami namjibu, na nikiingia garini najitukana kwa lugha mbili.

Siku ya mwisho ya Ramadhani alipiga simu Qurayyat mwenyewe, nimekaa pembeni. Kule aliyepokea ni mzee wa msondo, mpigaji wa ile ngoma kubwa, rafiki yake tangu ile Idi ya kwanza. Baba akamwambia kifua hakimruhusu. Aliona haya kusema meno. Nilisikia yule mzee anasema kwa Kiarabu, sauti imejaa simu nzima, "Basi njoo ukae tu. Tutakunywa kahwa. Lewa hatupigi." Baba akaweka simu juu ya meza, akaiweka sawa na ukingo wa meza, akaingia ndani. Nilitamani ardhi inimeze.

Siku ya pili ya Idi nikawapitia mapema. Baba alikuwa amevaa, mikono mitupu. Nilipokwenda kwenye buti nitie sinia la halua, nikamkuta mama ameshainama ndani, anasukuma kitu kilichofungwa kanga nyuma ya chupa za kahwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Nyamaza. Endesha."

Njia nzima baba aliangalia majabali. Mie naendesha, na mama nyuma anatusomea majina ya watu wote tutakaowakuta na nani amemuoa nani. Ile safari haijapata kuwa ndefu vile.

Tulipofika, wenye panga walikuwa wanamaliza razha yao, mashairi na panga kurushwa juu, vumbi limetanda. Wapigaji wa lewa walikuwa wamekaa upande wa mitende. Na kitu kilichonikata maini ni hiki: walikuwa wamewasha makuti, wanazipasha ngoma moto ngozi zikaze, kama kawaida ya kila mwaka. Hatupigi, wamesema, na huku wanazipasha. Sikujua nicheke au nilie.

Mzee wa msondo akamkumbatia baba, akamrudisha nyuma kidogo, akamtazama.

"Umepata meno!" akasema, akacheka, na yeye mwenyewe kinywani hana hata moja. "Na kifua?"

"Kifua ndio hivyo," baba akasema, anaangalia chini.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nilikuwa nimesimama na mama hatua chache tu, kwenye mikeka ya wanawake. Nikamfuata nikamwambia yule mzee, mbele ya watu wote, kwa Kiarabu nilichojaaliwa, "Ammi, si kifua. Ni meno. Mie ndiye niliyemng'oa yake na kumtilia haya, na haya hayakai akipuliza. Kosa ni langu."

Baba alinitazama. Nimeishi miaka hamsini sijapata kutazamwa na baba yangu vile. Nikainamisha kichwa. Wapigaji wote wakawa wanaangalia moto.

Mzee wa msondo hakushtuka. Akamuuliza baba pole pole, "Na ukiyavua?"

"Nilijaribu. Nilitoka damu."

"Lini?"

"Wiki ya kwanza."

"Wiki ya kwanza!" Yule mzee akapiga paja lake. "Wiki ya kwanza hata uji unauma! Tangu hapo?"

Baba akakirekebisha kilemba chake. Nilijua jibu lake. Tangu hapo hajajaribu, kwa sababu meno mapya hayajatoka mdomoni mwake mchana, kwa sababu daktari alisema, na kwa sababu bintiye alimwambia watu wasije wakamuona na mapengo. Wiki mbili nzima tumekazana na gundi, watu wazima watatu na akili zetu, na hakuna hata mmoja aliyesema hebu tuone bila ya hayo meno. Astaghfirullah.

"Yule aliyekupa zumari siku ile," mzee wa msondo akaendelea, "unamkumbuka? Alikuwa na jino?"

Baba akafikiri. Akafikiri sana. "Sikupata kumuona ndani ya mdomo," akasema. "Kila siku mashavu yamejaa. Na akimaliza anafunga mdomo. Nilidhani ni adabu yake."

"Hakuwa na jino hata moja! Ndio maana alikuwa akifunga!"

Wote wakaangua kicheko, hata wale waliokuwa wakiangalia moto. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama mie, lakini si vile vya mwanzo. Nilifahamu anachokiuliza. Mwanamme wa miaka yake, kilemba kichwani, siku ya Idi, uwanja mzima umejaa, akae na mapengo mbele ya bintiye aliyetaka apendeze. Ruhusa ilikuwa kwangu, na ni mie niliyeifunga.

Nikakinga mkono. "Nipe, baba."

Akawageuzia watu mgongo, akaielekea mitende, na nilipogeuka nisimuone nikasikia vibamba vya meno vikitoka kimoja kimoja, juu, kisha chini. Akaviweka kiganjani mwangu. Vilikuwa vya moto, vimelowa. Nikafunga ngumi.

Mama alikuwa ameshafika na zumari, kanga ameitupa begani. Alimpa bila ya neno. Baba akalowesha tete, akatia mdomoni, akabana, mashavu yake yakajaa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kuku anayekanyagwa. Kisha ikakatika.

Mtu mmoja akakohoa. Baba akalitoa zumari, akalitazama, akalikaza lile tete kidogo kwa kidole, akalitia tena.

Safari hii lilitoka. Kwanza jembamba, linatafuta njia, kisha likapanuka, likapanda juu ya mitende, na halikukatika. Nilikuwa namtazama puani tu. Nikaona zikifunguka, zikavuta, na sauti bado inakwenda. Zikavuta tena. Bado inakwenda. Mara ya tatu nikajua. Ya Rabbi, nilivyoshusha pumzi siku ile! Nikawa nalia waziwazi, bila ya kujali wanja wala watu.

Msondo ukaitika. Nilihisi kwenye nyayo kabla ya masikio. Ngoma ndogo zikaingia, mtu akaokota debe lake akaanza kuligonga, na wanaume wakatoka kila upande, wenye fimbo, wenye bakora, wakajipanga duara na kuanza kuzunguka kwa ule mwendo wao wa hatua mbili mbele na nusu nyuma. Baba akaingia kati, anazunguka ndani ya duara akiwaelekea, anamsimamia kila mmoja kidogo, anampigia, anakwenda kwa mwengine. Mashavu yake bila ya meno yalijaa kuliko nilivyopata kuyaona. Yule mama yangu wa watu wa heshima, aliyeolewa na bomba, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, kisha akanambia, "Unaona? Nilikwambia mimi hana ugonjwa." Hakupata kuniambia kitu kama hicho. Nikamwachia.

Katikati ya furaha hiyo akatokea mwanamke ninayefanya naye kazi, amekuja Qurayyat kutembelea wakwe, amenyoosha mkono anipe wa Idi. Mkono wangu wa kulia umeshika meno ya baba. Nikampa wa kushoto. Akashangaa, maana mie ndiye ninayewafundisha wenzangu adabu ofisini. Akatazama ngumi yangu, akatazama macho yangu mekundu, akaondoka ananiombea dua.

Walipiga sijui muda gani. Jua lilikuwa limeshainama nyuma ya majabali duru ya kwanza ilipokwisha. Baba akatoka kwenye duara, kanzu imemganda mgongoni, mashavu yamebonyea, midomo imeingia ndani. Alikuwa amezeeka miaka kumi kuliko asubuhi, na sijapata kumuona mzuri vile. Alikuwa anacheka, fizi tupu, kwa uwanja mzima.

Nikamwendea. Nilikuwa nimeshapanga maneno, mengi, ya tangu siku ya daktari. Yakaondoka yote. Nikafungua ngumi, meno yameniachia alama kiganjani.

"Nisamehe, baba."

Akalowesha tete kwa ulimi, akageuka kuangalia kama watu wa ngoma wako tayari, akanikunja vidole vyangu juu ya meno yake akavifunga vizuri.

"Kaa nayo, mwanangu," akasema. "Bado tuna duru mbili."